Kwenye kishikwambi anapata, kwenye daftari anakosa

*Swali:* Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika skuli ya msingi kaskazini ya Pemba. Nina watoto 68. Mwaka huu wahisani, wengi wao watu waliosoma hapa hapa na sasa wako nje, walituletea vishikwambi 20 vyenye michezo ya hesabu. Jumatatu na Jumatano kipindi chote cha dakika 40 ni cha vishikwambi, watoto watatu au wanne kwa kimoja. Wanafurahi mno, hata watoro hupungua siku hizo, na mchezo wenyewe unaonesha wanapanda ngazi kila wiki. Lakini nikiwapa zoezi la daftari alama ni zile zile, na wengine naona wamerudi nyuma. Yupo kijana mmoja ndiye bingwa wa mchezo darasa zima, kwenye daftari anapata mbili kwa kumi. Wazazi nao wameanza maneno. Mmoja alinijia mpaka mlangoni akaniambia, "Tumewaleta watoto wasome, nyinyi mnawafundisha kamari." Mwengine analalamikia macho ya mwanawe. Mwalimu mkuu anataka tuendelee kwa sababu wahisani watakuja kutizama. Je, niendelee, nipunguze au niache kabisa? Na inakuwaje anayeshinda kwenye mchezo ashindwe kwenye daftari?

*Jibu:* Wa alaykumu salaam, mwalimu wangu. Kilichonigusa katika barua yako ni kwamba umeyafungua madaftari. Mtu angeweza kuishia kwenye ngazi za mchezo na furaha ya watoto, akaandika ripoti nzuri ya wahisani, na asiulizwe na yeyote. Wewe umeona mambo mawili hayalingani ukataka kujua sababu. Nitaanza na hilo swali lako la mwisho, kwani tukishalielewa, la kuendelea au kuacha litakuwa jepesi.

Mwaka jana nilikaa dawati moja na mtoto wa darasa la tatu, hapa Unguja, anacheza mchezo wa maputo. Juu ya kioo linatokea swali, chini yake yanaelea maputo manne yenye majibu. Ukipasua lililo sahihi unapata nyota. Likaja 27 + 15. Maputo yalikuwa 39, 42, 45 na 48. Hata sekunde tatu hazikupita, kidole kikapasua 42, nyota ikalia. Nikamwambia, "Hodari! Umejuaje?" Akanitizama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Saba na tano, mwisho wake mbili. Lenye mbili ni hili tu." Nikampa penseli na kipande cha karatasi, swali lile lile, bila maputo. Akaandika 312.

Itizame vizuri hiyo 312. Mbili na moja ni tatu. Saba na tano ni kumi na mbili. Akaweka tatu, akaweka kumi na mbili pembeni yake. Mtoto huyu hajui bado kwamba mamoja yakifika kumi hayakai tena pale, yanahamia kwenye makumi. Mchezo haukumuuliza hilo hata mara moja. Ulimuuliza: katika haya manne, lipi linaishia na mbili? Naye akajibu kwa akili ya kweli. Hakudanganya wala hakubahatisha, na uvivu haumo kabisa. Alipata njia fupi ya kufika kwenye nyota akaifuata, kama ambavyo mimi na wewe tungeifuata.

Hapo ndipo lilipo jibu lako. Mtoto hujifunza kile ambacho akili yake inalazimika kukifanya ili afike anapotaka. Jina la programu likiwa "Hesabu Darasa la Tatu" halibadilishi kitu. Mchezo ukimlazimisha kujumlisha, atajua kujumlisha. Ukimlazimisha kuchagua haraka katika vitu vinne, atakuwa bingwa wa kuchagua haraka. Daftari halina vitu vinne vya kuchagua; lina nafasi tupu na mtoto peke yake. Basi usishangae bingwa wako akipata mbili kwa kumi. Kwa uzoefu wangu mabingwa wa aina hiyo mara nyingi ni watoto wepesi sana wa kuona mianya, na huyo wako nadhani ni mmoja wao.

Ukitaka kuuona mchezo unaofundisha kweli, pita barazani jioni utizame wazee wanaocheza bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji mzuri kabla hajatia mkono shimoni ameshajua kete zake zitaishia wapi, atakula ngapi, na nyumba yake itabaki na nini. Huwezi kulicheza vizuri na usihesabu. Hesabu haikuwekwa pembeni ya mchezo kama ada ya kupewa nyota. Hesabu ndiyo yenyewe inayochezwa. Sasa linganisha na ile michezo ya mbio za magari ambayo kila baada ya mzunguko gari linasimama, linatokea swali la kuzidisha, ukijibu unaruhusiwa kuendelea. Mtoto anachokitaka ni mbio. Swali kwake ni kizuizi cha barabarani, na kila dereva anajua watu wanavyotafuta namna ya kukipita kizuizi upesi.

Tofauti hiyo imepimwa. Jacob Habgood na Shaaron Ainsworth wa Uingereza walichapisha mwaka 2011 utafiti wa mchezo wa kugawanya, waliougawa namna mbili. Katika namna ya kwanza mtoto alipambana na viunzi vya mifupa ya watu vyenye namba kifuani, na silaha aliyoichagua ilikuwa ni namba ya kuigawia ile ya kifuani, asipogawanya hashindi. Katika namna ya pili mapambano hayakuwa na hesabu, maswali yakaja mwisho wa kila ngazi. Waliocheza ya kwanza walijifunza zaidi. Tena walipoachiwa wachague wenyewe, waliicheza ile yenye hesabu ndani yake muda wa zaidi ya mara saba kuliko ile nyengine. Hili la pili hunifurahisha kila nikilikumbuka, kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba mtoto ataikimbia hesabu asipofunikiwa na rangi na nyimbo.

Kuna mambo mawili katika barua yako ambayo ningependa uyatenganishe. Furaha ya watoto ni ya kweli na ina faida. Kama watoro wanakuja Jumatatu na Jumatano, hilo peke yake ni jambo la kushukuru, khasa huko kwenu ambako msimu wa karafuu ukiingia watoto wanaokota mpeta, zile karafuu zilizodondoka chini, mashambani na madawati yanabaki wazi. Lakini furaha humleta mtoto mpaka mlangoni tu. Kinachompata baada ya hapo kinategemea anachokifikiri akiwa ndani. La pili ni hizo ngazi. Ngazi ya mchezo inapima namna mtoto anavyoumudu mchezo, basi. Usiitie kwenye rikodi ya maendeleo yake kama alama.

Na hao waliorudi nyuma? Wana sababu mbili za kawaida kabisa. Dakika 80 za kila wiki zilizokuwa za kuandika, kupanga mamoja chini ya mamoja na kusahihishwa, sasa hazipo. Halafu katika kundi la watoto wanne kwa kishikwambi kimoja, mmoja anagusa, mmoja anamwambia gusa hapa, na wawili wako pembeni wanatizama mapaa. Ukichunguza utawakuta hao wawili ni wale wale kila wiki, na mara nyingi ni watoto wa kike au wale wapole, mikono imewekwa mapajani. Hawajacheza na hawajasoma.

Sasa, je, vishikwambi vina faida yoyote? Vinayo, na ushahidi mzuri uko ng'ambo yetu tu hapo, mkoa wa Tanga. Kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2019 vijiji karibu 170 vya mkoa huo vilipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua, kwa muda wa miezi 15. Watoto walikuwa karibu 3,000, wengi wao hawajawahi kuingia darasani. Yalikuwa ni mashindano ya kimataifa ya taasisi ya XPRIZE, na zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa mwaka 2019 kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Kabla ya majaribio zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Waandaaji waliripoti kwamba mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Wapo wanaoisikia habari hiyo wakasema, basi kishikwambi kinatosha, mwalimu wa nini. Mimi naisoma vyengine. Kwanza, nusu walibaki vile vile. Pili, watoto wale walikuwa na kishikwambi au hawana kitu. Wako wana wewe. Kwa hiyo swali la darasani kwako ni jengine: je, saa moja ya kishikwambi inawapa zaidi kuliko saa moja ya mwalimu wao?

Jibu la swali hilo limetoka India. Katika mji wa Vadodara, jimbo la Gujarat, watoto wa darasa la nne walipewa saa mbili kwa wiki za michezo ya hesabu kwenye kompyuta, wawili wawili kwa mashine. Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walichapisha matokeo mwaka 2007: hesabu za watoto zilipanda kwa kiasi kikubwa, ingawa baada ya mwaka mmoja bila programu sehemu kubwa ya faida ilikuwa imeshapotea. Mmoja wao, Leigh Linden, akaendelea kuchunguza jambo hilo hilo Gujarat, na alichokiona ndicho kinachokuhusu wewe. Kompyuta zilipochukua nafasi ya mafundisho ya mwalimu, watoto walijifunza kidogo kuliko wenzao wasiokuwa nazo. Zilipokuja juu ya mafundisho, kama nyongeza ya mazoezi, zilisaidia. Ukiongeza habari ya Peru, ambako kompyuta ziligawiwa bila ya mpango wowote wa kuzitia katika masomo na uchunguzi wa skuli 319 uliotolewa mwaka 2012 haukuona nyongeza yoyote katika hesabu wala lugha, unaona mambo yote yanaelekea upande mmoja.

Kwa hiyo nasema: usiache, punguza, na ubadilishe namna ya kutumia. Somo jipya fundisha wewe. Kishikwambi kiwe cha mazoezi ya jambo ambalo watoto wameshalifahamu nusu.

Nimekaa na hesabu ya darasa lako. Watoto 68 ukiwagawa pande mbili ni 34, yaani jozi 17. Vishikwambi 17 vinatosha na vitatu vinabaki akiba, kwa sababu daima kitakuwepo kimoja kisichoshika chaji na kimoja kilichoganda. Upande mmoja ucheze dakika 15, wabadilishane, na dakika kumi za mwisho ziwe za darasa zima. Muda wa mtoto kugusa utapungua kuliko sasa, lakini muda wa kufikiri utaongezeka, na huo ndio tunaoutaka.

Katika jozi weka sharti hili: anayesema hagusi, anayegusa hasemi. Mtoto mmoja anasoma swali, anasema jibu na anaeleza kwa nini. Mwenzake anagusa pale tu akikubali. Baada ya maswali matano wanabadilishana. Sharti la pili ndilo litakalouziba ule mwanya wa maputo: kwanza daftari, ndipo kidole. Swali likitokea, viwiko viwili vinafunika maputo, jibu linaandikwa daftarini kwa kupanga mamoja na makumi, halafu ndipo wanatizama lipi la kupasua. Jibu lao likikosekana kati ya maputo, wenyewe watajua kuna kitu hakikwenda sawa, na hiyo ni nafasi adhimu. Wazoeshe kurudia kabla ya kukuita. Wiki ya kwanza watalalamika kwamba wanapanda ngazi polepole. Wavumilie. Na saa ile inayohesabu sekunde, kama programu inaruhusu, izime. Saa inafaa kwa jambo ambalo mtoto analijua tayari na anataka wepesi. Kwa jambo analolitafuta bado, inamfundisha kubahatisha.

Wale 34 wasiokuwa na vishikwambi wasikae bure wala wasipewe kunakili ubaoni. Hapa ndipo ninapotaka ufanye kazi ya mkono. Chukua ufagio wa chelewa, katakata vijiti vifupi, kila jozi ipate kama sitini na vipande vya uzi. Swali: 27 na 15. Mafungu mawili ya kumi na vijiti saba. Fungu moja na vijiti vitano. Wakusanye vijiti vilivyo huru, wahesabu, wapate kumi na viwili. Kumi vinafungwa. Mkono wa mtoto mwenyewe ndio ufunge, usimfungie wewe. Sasa ana mafungu manne na vijiti viwili, na ile "moja" tunayoiandika juu ya makumi ameishika kiganjani. Mtoto aliyefunga fungu hilo mara ishirini ukimwonesha 312 atacheka.

Kama chelewa zimewachosha, piga mstari mrefu wa chaki barazani, sifuri mpaka mia, watoto watembee juu yake. Usiudharau mchezo huu kwa kuwa hauna betri. Geetha Ramani na Robert Siegler wa Marekani walionesha mwaka 2008 kwamba watoto wadogo wa familia masikini, kwa kucheza mara nne tu, kama robo saa kila mara, kwenye ubao wenye viraka kumi vilivyoandikwa 1 mpaka 10, walipanda katika kuzijua namba, na faida hiyo ilikuwepo bado wiki tisa baadaye. Wenzao waliocheza ubao kama huo wenye rangi badala ya namba hawakupata kitu. Siri moja ilikuwa katika kuhesabu kwa sauti: mtoto aliye kwenye tatu akipata mbili hasemi "moja, mbili"; anasema "nne, tano". Na sisi Zanzibar jambo la kusoma kwa kucheza si geni. Miaka ya 2000 watoto wa Unguja na Pemba walifundishwa kwa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, redio moja, nyimbo, michezo na mwalimu pembeni. Pengine miongoni mwa walimu wenzako wa leo wamo waliocheza humo.

Sitakuficha: kuendesha pande mbili peke yako, na mwalimu mmoja, ni kazi. Muombe mwalimu mkuu mwalimu wa kujitolea au mwenzako asiye na kipindi kwa wiki tatu za mwanzo, mpaka watoto wazoee kubadilishana bila ghasia. Zima sauti za vishikwambi vyote. Kelele za nyota kumi na saba kwa pamoja zitakutoa akili.

Dakika kumi za mwisho ndizo ninazozipenda kuliko zote, na ndizo ambazo walimu huziacha wa kwanza wakiona kengele imekaribia. Usiziache. Waambie waweke vishikwambi chini, kioo kikitizama dawati. Andika ubaoni swali moja kutoka kwenye mchezo, bila majibu ya kuchagua, na useme, "Mtoto wa skuli nyengine alipata 312. Alifikiri nini?" Hapo utaona mikono inapanda. Kwa kuwa kosa si la mtu aliyemo humo, hakuna anayeona haya, na kila mmoja anajikuta analieleza kosa lake mwenyewe bila kutajwa. Waulize pia, "Una maembe 27, umeongezwa 15, yanaweza kufika mia tatu?" Watoto wengi hawajawahi kuambiwa kwamba jibu la hesabu linatakiwa lilingane na akili.

Michezo yenyewe ichunguze kabla ya watoto. Njia yangu ni rahisi: naucheza dakika kumi nikijaribu kushinda bila ya kukokotoa. Nikiweza, na wao wataweza. Halafu nakosea kwa makusudi nione unafanya nini. Ukinipigia mlio wa kukosea na kuleta swali jengine, haunifundishi kitu. Ukinirudishia lile lile na kunionesha vitu vya kuhesabu, huo una faida. Tizama lugha pia. Watoto wako wanasoma hesabu kwa Kiswahili, na mchezo wenye maelekezo ya Kiingereza utawafanya wafuate picha tu. Programu za wale washindi wa Tanga ziliwekwa wazi kutumika bila malipo, kwa hiyo ukikuta ulizo nazo ni za maputo matupu, muombe mtu wa kompyuta wilayani kwenu akutilie nyengine. Katika jaribio la Nicola Pitchford huko Lilongwe, Malawi, lililochapishwa mwaka 2015, kundi moja la watoto lilipewa programu ya hesabu kwa Kichewa kwenye vishikwambi, na jengine likapewa vishikwambi vile vile vyenye mambo mengine. Baada ya wiki nane waliotangulia katika hesabu ni wa kundi la kwanza. Kukishika kifaa peke yake hakukuwasaidia hao wengine.

Nije kwa mzazi aliyesema kamari. Usimkasirikie. Ichungulie michezo yako kwa jicho lake: je, kuna gurudumu la bahati linalozunguka na kukupa sarafu? Kuna sanduku la zawadi ambalo hujui lina nini mpaka ulifungue? Vishikwambi vikiwa na intaneti, kuna matangazo yanayojitokeza katikati, na mengine ni ya kubashiri mpira? Yakiwemo, mzazi amesema kweli, na michezo hiyo ifute leo. Mtoto wa miaka minane hajui kutenganisha zawadi ya kujua na zawadi ya bahati. Vishikwambi vya darasani vitumike bila intaneti. Ukishasafisha, muite mzazi huyo Jumatatu moja akae nyuma ya darasa, aone daftari linaandikwa kwanza. Mzazi aliyekuja mpaka mlangoni anajali. Wengi wa namna hiyo wakishaona kwa macho yao ndio huwa wa kwanza kuwatetea walimu mtaani.

Ama macho, dakika 15 mara mbili kwa wiki hazimpofushi mtoto. Ukweli ni kwamba mtu akikodolea kioo hupepesa kope mara chache, macho yakakauka na kuwasha, na kuangalia vitu vya karibu kwa masaa mengi kila siku, vikiwemo vitabu, kunahusishwa na ugonjwa wa kutoona mbali. Kucheza nje kwenye mwanga wa mchana kunapunguza hatari hiyo, na Pemba nje hakukosekani. Muulize mzazi kwa upole mtoto anashika simu nyumbani muda gani usiku. Mara nyingi tatizo liko huko. Lakini mtoto anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayekileta kioo karibu na pua, au asiyeona ubao kutoka dawati la tatu, usimuache kwa kumwambia akae mbele tu. Mzazi ampeleke hospitali kwenye kliniki ya macho akapimwe. Na ikitokea mtoto anaganda ghafla akiangalia kioo, haitikii akiitwa, au mwili unamtetemeka, mtoe kwenye kifaa na aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Wapo watoto wachache wenye kifafa kinachochochewa na mwanga unaomweka.

Bingwa wako mpe dakika kumi peke yake wiki hii. Usianze na daftari lake. Mwambie akuoneshe anavyoshinda, na umsikilize mpaka mwisho, kwa sababu atakueleza mianya yote ya mchezo ule kuliko mtu yeyote. Kisha mpe chelewa. Nategemea baada ya wiki tatu au nne za kufunga mafungu na kuandika kabla ya kugusa utaona daftari lake linabadilika. Lisipobadilika, yeye au mwengine yeyote, mtizame kwa makini zaidi. Mtoto wa darasa la tatu ambaye hawezi kusema upi mwingi kati ya 8 na 5, anayehesabu vijiti kumi akapata idadi tofauti kila mara, au anayeyajibu kwa mdomo maswali yale yale anayoyakosa kwenye maandishi, anahitaji mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Nenda Kituo cha Walimu, ile TC ya wilayani kwenu, ukiwa na daftari lake mkononi, na uwaombe wakuunganishe na wahusika wa elimu mjumuisho wa wizara. Wala usimbandike jina la ugonjwa kabla hawajamuona.

Wahisani wakija, mwombe mwalimu mkuu awaoneshe madaftari mawili ya mtoto mmoja, la kabla na la baada, na awakalishe kwenye zile dakika kumi za mwisho. Na ikiwa watauliza walete nini tena, vishikwambi vyengine havihitajiki kwa sasa. Waambie hedfoni za kusomea herufi madarasa ya chini, soketi ndefu za kuchajia, na sanduku linalofunga vizuri lisiingie vumbi wala unyevu wa masika. Likizo ndefu zikifika msiviache vimekwisha chaji kabisa. Vijazeni kiasi cha nusu ndipo mvifungie.